Nani Apewe Pafu Hili? Jinsi Kanuni za Ugawaji Zinavyoamua Hatima ya Wagonjwa

Swali lilianzia barazani, Ngamiani mjini Tanga, baada ya sala ya Alasiri, wakati wawili wetu wakicheza bao na wengine tukiwakosoa. Mzee mmoja aliyeutumia ujana wake katika korona, yaani viwanda vya kuchakata mkonge, kwenye mashine za brashi ambako vumbi la nyuzi lilikuwa zito kiasi cha kumfanya mtu asimwone mwenzake vizuri, alitua kuvuta pumzi katikati ya sentensi kama alivyozoea, kisha akauliza: ikiwa Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, mapafu je? Na siku pafu likipatikana, nani atapewa kwanza? Kijana wa bodaboda alijibu upesi kwamba atapewa aliyetangulia kufika, kama ilivyo benki. Jibu hilo lilionekana la haki kwa kila aliyekuwapo, na kwa miaka mingi nchi zenye uzoefu mkubwa kuliko sisi nazo ziliamini hivyohivyo, mpaka zilipolazimika kuwahesabu waliokuwa wakifa huku wakisubiri zamu.

Upandikizaji wa mapafu haufanyiki hapa nchini kwa sasa, na katika eneo la kusini mwa Sahara ni Afrika Kusini iliyojijengea uzoefu wa maana katika kazi hiyo. Figo tulizozizoea kusikia habari zake ni jambo la namna nyingine. Binadamu ana figo mbili na anaweza kuishi na moja, hivyo ndugu hujitolea, akapimwa, akampa ndugu yake. Mpokeaji amekwisha kujulikana tangu mwanzo na hakuna wa kugombea naye. Mapafu karibu yote hutoka kwa mtu aliyefariki, kwa kawaida yule ambaye ubongo wake umekufa huku moyo ukiendelea kupiga kwa msaada wa mashine katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hata miongoni mwa waliokubali kutoa viungo, mapafu ndiyo huharibika mapema: matapishi huingia kwenye njia ya hewa, vijidudu hushambulia kupitia mpira wa kupumulia, ajali hupondaponda kifua. Matokeo yake ni kwamba, kwa wastani, mchangiaji mmoja tu kati ya watano hivi ndiye mapafu yake hufaa kutumika. Kitu kinachotolewa na mtu ambaye hakumchagua mpokeaji, na ambacho wanaokihitaji ni wengi kuliko kilichopo, lazima kiwe na kanuni ya kukigawa, na kanuni hiyo, hata ikiandikwa kwa lugha ya hesabu na vifungu, humtaja mtu atakayebaki bila kitu.

Wanaovuka kwa kivuko cha Pangani kwenda Bweni wanaijua foleni ya magari ukingoni mwa mto. Aliyefika saa mbili huvuka kabla ya aliyefika saa tatu, na hakuna anayelalamika gari la wagonjwa likipitishwa mbele. Foleni ya namna hiyo inafanya kazi kwa sababu wengi wanaosubiri hawapotezi chochote kikubwa kwa kusubiri, na mwenye dharura ni mmoja. Katika foleni ya mapafu kila gari ni la wagonjwa, na tofauti iliyopo ni kwamba wa kwanza ana mafuta ya mwaka mzima na wa saba ana mafuta ya wiki tatu.

Marekani ndiyo nchi inayosomeka vizuri zaidi katika jambo hili, kwa kuwa imebadilisha kanuni zake mara kadhaa na kila mara takwimu zimekuwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzikagua. Upandikizaji wa kwanza wa pafu kwa binadamu ulifanyika huko Mississippi mwaka 1963, na mgonjwa aliishi siku 18. Ilichukua miaka 20 mingine, hadi 1983, kabla ya madaktari wa Toronto nchini Kanada kupata mgonjwa aliyepandikizwa pafu moja akaishi kwa miaka. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kusimamia upandikizaji wa viungo na kuunda mtandao wa kitaifa wa ugawaji. Kwa mapafu, mtandao huo ulichagua jibu la kijana wetu wa bodaboda: ukishalinganisha kundi la damu na kimo cha mwili, na ukishaangalia mgonjwa yuko eneo gani, aliyesubiri muda mrefu zaidi ndiye hupewa.

Kanuni hiyo ilikuwa na kasoro mbili, na ya kwanza ilionekana mapema. Magonjwa ya mapafu hayaui kwa mwendo mmoja. Mtu mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule unaowapata wavutaji sigara wa muda mrefu na, huku kwetu, kina mama waliopikia kuni jikoni kusikokuwa na dirisha, anaweza kudhoofika polepole kwa miaka, akitembea hatua chache na kupumzika, lakini yupo. Mtu ambaye mapafu yake yanajaa makovu na kukakamaa bila sababu inayojulikana anaweza kuonekana mzima leo na baada ya miezi sita asiweze kufunga vifungo vya shati bila oksijeni. Foleni ya muda humpendelea wa kwanza, kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba anaweza kuishi muda wa kutosha kuifikia zamu yake. Mwaka 1995 wasimamizi walijaribu kuziba ufa huo kwa kuwapa wenye makovu nyongeza ya siku 90, kana kwamba walikuwa wamesubiri miezi mitatu kabla ya kujiandikisha. Ilikuwa kiraka tu juu ya nguo iliyokatwa vibaya.

Kasoro ya pili ilitokana na werevu wa watu. Daktari aliyejua kwamba muda ndio mtaji alimwandikisha mgonjwa wake mapema, hata kabla hajahitaji upandikizaji, ili siku atakapouhitaji awe amekwisha kujikusanyia miaka. Orodha ikajaa watu ambao, wakipigiwa simu usiku kwamba pafu limepatikana, walijibu kuwa bado hawako tayari. Simulizi hii inanivutia kuliko sehemu nyingine zote za historia hiyo, kwa sababu hakuna aliyevunja kanuni. Kila daktari alimtetea mgonjwa wake kama alivyoapa, na jumla ya utetezi huo ikawa orodha ndefu isiyoeleza tena nani anaumwa kiasi gani.

Mwaka 1998 serikali ya Marekani ilitoa kanuni iliyoagiza kwamba viungo vigawanywe kwa kuzingatia hali ya kitabibu ya mgonjwa, na muda wa kusubiri upunguziwe uzito kadiri inavyowezekana. Kwa upande wa mapafu agizo hilo lilitekelezwa mwezi Mei 2005, pale alama ya ugawaji wa mapafu ilipoanza kutumika kwa wagonjwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Alama hiyo, kati ya 0 na 100, ilitokana na makadirio mawili. La kwanza ni siku ngapi mgonjwa angeishi katika mwaka unaofuata asipopata pafu. La pili ni siku ngapi angeishi katika mwaka wa kwanza baada ya kulipata. Umri, aina ya ugonjwa, kiasi cha oksijeni anachotumia, umbali anaoweza kutembea kwa dakika sita, utendaji wa figo, kama yuko kwenye mashine ya kupumulia au la, vyote viliingizwa katika hesabu hiyo. Kisha siku za kuishi bila pafu zilizidishwa mara mbili na kutolewa katika siku za kuishi baada ya kulipata, na jibu likageuzwa kuwa alama.

Hesabu hii inaeleweka vizuri zaidi kwa mfano, nami nimeutunga mwenyewe ili namba zionekane wazi. Tuchukue wagonjwa watatu. Wa kwanza ana ugonjwa wa kuziba njia za hewa: bila pafu ataishi siku 350 katika mwaka ujao, na akipandikizwa ataishi siku 330, kwa kuwa upasuaji wenyewe una hatari zake. Wa pili ana makovu: bila pafu siku 100, akilipata siku 300. Wa tatu amelazwa chumba cha mahututi: bila pafu siku 20, akilipata siku 200. Ukifuata kanuni ya 2005, wa kwanza anapata alama 33, wa pili 76 na wa tatu 81. Mgonjwa wa kwanza, ambaye chini ya utaratibu wa zamani huenda angekuwa mbele ya wote, sasa yuko nyuma kabisa, na kwa haki, maana katika mwaka huo upasuaji ungempunguzia siku badala ya kumwongezea.

Lakini tazama wawili waliobaki. Wa pili angefaidika kwa siku 200, wa tatu kwa siku 180, na bado pafu linakwenda kwa wa tatu. Kule kuzidisha mara mbili siku za kuishi bila pafu kuliwekwa kwa makusudi, kwa kuwa wasimamizi walitaka hatari ya kufa ukingojea iwe na uzito kuliko manufaa yanayofuata. Siyo kosa la hesabu. Ni uamuzi wa kimaadili uliovishwa kanzu ya hesabu, na mtu anayesema kompyuta ndiyo iliyochagua hajasoma ile mbili iliyoandikwa katikati ya kanuni.

Mabadiliko yalionekana haraka. Orodha ilipungua kwa sababu kujiandikisha mapema hakukuwa na faida tena. Muda wa kusubiri, ambao kwa wengi ulikuwa ukihesabiwa kwa miaka, ulishuka hadi miezi. Idadi ya upandikizaji ikaongezeka na vifo vya waliokuwa wakisubiri vikapungua. Wenye makovu ya mapafu waliwapita wenye ugonjwa wa kuziba njia za hewa na kuwa kundi kubwa zaidi la wapokeaji. Waliopandikizwa walikuwa wazee zaidi na wagonjwa zaidi kuliko zamani, baadhi wakitolewa moja kwa moja kwenye mashine zinazofanya kazi ya mapafu nje ya mwili, na kwa hiyo siku za kulazwa na gharama ziliongezeka. Wengi walitarajia kwamba kuwapandikiza watu mahututi kungeshusha idadi ya wanaovuka mwaka wa kwanza. Haikuwa hivyo, idadi hiyo ilibaki palepale na baadaye ikaendelea kupanda kadiri upasuaji na matunzo yalivyoboreka, hata leo karibu wapokeaji tisa kati ya kumi nchini humo huuvuka mwaka wa kwanza.

Baada ya mwaka wa kwanza ndipo palipokuwa na ukungu. Kipimo kinachoishia siku ya 365 hakioni tofauti kati ya mtu atakayeishi miaka miwili na atakayeishi kumi na miwili. Adui mkubwa wa mapafu yaliyopandikizwa si kisu cha daktari. Ni mwili wenyewe, unaoyakataa polepole hata kwa mtu anayemeza dawa za kupunguza kinga bila kukosa, mpaka vijia vidogo vya hewa vinaziba kwa makovu. Pafu hukutana na hewa ya nje kila sekunde, pamoja na vumbi na vijidudu vyake, jambo ambalo figo iliyojificha tumboni haijui, na ndiyo sababu mojawapo kwamba mapafu hudumu muda mfupi kuliko viungo vingine: kwa wastani wa dunia nusu ya wapokeaji huishi zaidi ya miaka sita hivi. Kanuni inayotaka kujua nani atafaidika, kisha ikafumba macho baada ya mwaka mmoja, ilikuwa imejinyima sehemu kubwa ya jibu.

Wapo pia ambao hesabu haikuwaona vizuri. Wagonjwa wenye shinikizo kubwa la damu katika mishipa ya mapafu walikuwa wakifa haraka kuliko alama zao zilivyobashiri, kwa sababu kilichowaua ni moyo uliochoka, na vipimo vya moyo havikupewa nafasi ya kutosha. Marekebisho ya mwaka 2015 yaliongeza baadhi ya vipimo hivyo. Watoto walio chini ya miaka 12 hawakuwemo kabisa katika alama. Walikuwa na utaratibu wao, na mapafu ya watu wazima yalitolewa kwanza kwa watu wazima na vijana. Mwaka 2013 wazazi wa msichana wa miaka kumi aliyelazwa Philadelphia walikwenda mahakamani, jaji akaagiza kwamba kikomo hicho cha umri kisitumike kwake, na wasimamizi wakaweka njia ya kuomba mtoto ahesabiwe pamoja na wakubwa. Madaktari wengi hawakuridhishwa na jinsi jambo hilo lilivyotokea, wakiuliza iwapo watoto wasiokuwa na wazazi wenye mwanasheria wangesikilizwa. Swali lao lilikuwa sahihi, ingawa na mlalamikaji naye alikuwa sahihi.

Wafupi waliumia kimyakimya. Pafu kubwa halienei katika kifua kidogo, na kwa kuwa wanawake wengi ni wafupi kuliko wanaume, walisubiri zaidi na kufa zaidi wakiwa kwenye orodha. Juu ya hilo, mwanamke aliyezaa mara kadhaa, au yeyote aliyewahi kuongezewa damu, anaweza kuwa ametengeneza kingamwili dhidi ya tishu za watu wengine, hivyo pafu linaloweza kumfaa mwingine likawa sumu kwake. Nikifikiria wodi za wazazi za huku kwetu, akina mama waliojifungua mara tano au sita na kuongezewa damu baada ya kutokwa na nyingi, naona kwamba siku tutakapokuwa na orodha yetu wenyewe jambo hili halitakuwa tanbihi.

Umbali nao ulikuwa na kanuni yake. Wanaonunua samaki soko la Deep Sea wanajua kwamba barafu huchelewesha tu, haizuii. Kwa njia ya kawaida pafu lililotolewa na kuhifadhiwa kwa baridi linapaswa kuanza kupitisha damu katika mwili mpya ndani ya takriban saa sita. Kwa sababu hiyo Marekani iligawanywa katika maeneo, na pafu lilitolewa kwanza kwa wagonjwa wa eneo lake hata kama alama zao zilikuwa chini. Mwaka 2017 msichana wa miaka 21 aliyekuwa mahututi hospitalini New York alifungua kesi. Mapafu yaliyopatikana New Jersey, ng'ambo ya mto tu, yalikuwa yakitolewa kwanza kwa wagonjwa wa huko ambao hawakuwa na hali mbaya kama yake. Ni kama pafu lipatikane Bweni, lipitishwe kwa kila mgonjwa aliye kusini ya mto Pangani kabla ya kumfikia anayekata roho mjini Pangani. Siku chache baada ya kesi, mwezi Novemba mwaka huo, mipaka ile ilifutwa na badala yake ukachorwa mduara wa maili 250 za baharini kuizunguka hospitali ya mchangiaji.

Maili hizo ni takriban kilomita 463. Ukichora mduara huo kitovu chake kikiwa Tanga, utazifunika Unguja na Pemba, Dar es Salaam, Mombasa, Moshi, Arusha na hata Dodoma, na Nairobi itabaki nje kidogo. Hapo ndipo tatizo la mduara linapojidhihirisha, kwa maana mgonjwa wa Dodoma mwenye alama 40 angetangulia mbele ya wa Nairobi mwenye alama 90, na kinachowatenganisha ni kilomita chache za unene wa kalamu. Kuhamisha mpaka si sawa na kuuondoa.

Kuuondoa kulifanyika tarehe 9 Machi 2023, ilipoanza alama jumuishi ya ugawaji. Ili kuieleza barazani nilichukua kete 20 za bao, kila kete ikiwa alama tano, jumla alama 100. Kete tano zinakwenda kwenye hatari ya kufa ukisubiri. Tano nyingine zinakwenda kwenye uwezekano wa kuishi baada ya kupandikizwa, safari hii ukipimwa kwa miaka mitano badala ya mwaka mmoja, na zile siku za kuishi bila pafu hazizidishwi tena mara mbili. Kete tatu ni za waliozaliwa na kikwazo cha kimwili au waliokipata bila hiari yao: moja ya kundi la damu, moja ya kimo, moja ya kingamwili. Nne ni za wagonjwa walioandikishwa kabla ya kufikisha miaka 18, na moja ni ya mtu ambaye zamani aliwahi kutoa kiungo chake kwa mwingine. Mbili zilizosalia zinagawanywa kati ya umbali na urahisi wa kulisafirisha pafu. Hakuna mpaka wala mduara. Umbali unapunguza alama kidogo kidogo, na mgonjwa mahututi wa mbali anaweza kumpita wa karibu aliye na nafuu. Aliyesubiri siku nyingi hapati kete hata moja kwa kusubiri kwake.

Miezi michache tu baadaye kanuni hiyo mpya ilijikwaa mahali ambapo mtu angedhani pamekwisha kufikiriwa, nayo ni damu. Mgonjwa wa kundi O anaweza kupokea pafu la mchangiaji wa O peke yake, lakini pafu la O laweza kumfaa mtu wa kundi lolote. Mipaka ilipoondolewa, mapafu ya O yalianza kuvutwa na wagonjwa wa makundi mengine waliokuwa na alama kubwa, na wenye O, ambao hawana pengine pa kwenda, wakapungukiwa. Takwimu za mwanzo zilionyesha hivyo, na mwezi Septemba 2023 alama za kundi la damu zilirekebishwa ili kuwapandisha. Kwangu mimi kisa hiki kinaupa utaratibu ule sifa zaidi ya kuupa aibu: kosa lilionekana kwa sababu mtu fulani alikuwa akihesabu kila mwezi, na lilirekebishwa ndani ya mwaka uleule.

Nchi nyingine zimechukua njia zao. Ujerumani ilianza kutumia alama ya mtindo wa Marekani mwishoni mwa 2011 na Uholanzi mwaka 2014. Uingereza, iliyokuwa ikiviachia vituo vya upandikizaji viamue kwa wagonjwa wao, mwaka 2017 iliweka ngazi za kitaifa za dharura na dharura kuu, na waliobaki wakaendelea kugawiwa kupitia vituo. Ufaransa ina mlango wa dharura tangu 2007. Sayansi ya kuhifadhi nayo inazilegeza kanuni hizi pole pole, kwani watafiti wa Toronto wamekuwa wakiliweka pafu kwenye mashine inayolipulizia hewa na kulipitishia kimiminika nje ya mwili, na wameonyesha pia kwamba nyuzijoto kumi za Selsiasi hulitunza kwa muda mrefu kuliko barafu. Pafu linalodumu saa nyingi zaidi hupunguza uzito wa umbali katika hesabu yoyote ile.

Hata hivyo kanuni zote nilizozieleza zinamhusu mtu aliyekwisha kuingia katika orodha, na orodha ina mlango. Kabla ya alama kuna daktari wa kwanza ambaye ama anamwandikia mgonjwa rufaa mapema ama anamwongezea dawa ya kikohozi, kuna bima, kuna masharti ya kuwa na ndugu wa kukuuguza, uzito unaokubalika, kuacha sigara na kuishi mahali ambapo unaweza kukifikia kituo haraka ukiitwa. Vituo vyenyewe hupimwa kwa idadi ya wagonjwa wao walio hai baada ya mwaka mmoja, na kituo kinachoogopa takwimu zake kuharibika kina kila sababu ya kumkataa mgonjwa mgumu ambaye kanuni ya ugawaji ingempa alama nyingi. Mkono mmoja unamvuta mahututi mbele, mwingine unamsukuma nje mlangoni. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba vifo vya kwenye orodha vimepungua, ni vyema kumuuliza ni wangapi hawakuandikwa.

Mzee wetu wa korona alisikiliza yote hayo akiwa ameegemea nguzo. Aliniuliza yeye angepata ngapi. Nilimjibu kwa kadiri ya ninavyojua kwamba umri wake ungemwekea kizuizi katika vituo vingi tangu mlangoni, na kwamba kifua cha namna yake, kinachochoka pole pole, kingepata alama ya chini hata mlango ukifunguliwa, kwa sababu hesabu ingemkadiria kuishi. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema hajawahi kufurahia kufeli mtihani kiasi hicho.

Kijana wa bodaboda hakuridhika. Alitaka kujua ni nani aliyesema tano, tano, tatu, tano na mbili. Nilimwambia kwamba kabla ya kanuni ya 2023 wasimamizi waliwaalika madaktari, wagonjwa, familia za wachangiaji na watu wengine wote waliopenda, wakawataka walinganishe vigezo viwili viwili na kusema kipi kina uzito zaidi, kisha majibu yakajaribiwa kwa kompyuta ili kuona nani angekufa na nani angeishi chini ya kila mgawanyo, na kamati ikaamua. Akasema basi na sisi tugawe.

Tuliziokota zile kete 20 na kuzipitisha mkono kwa mkono. Kijana alianza kwa kuweka kumi kwenye hatari ya kufa, akabaki na kumi ambazo hakujua aziweke wapi. Mama anayeuza bajia mkabala na baraza, ambaye sote tulidhani hasikilizi, aliingia akaweka tisa kwa watoto kabla hata hajauliza vigezo vingine ni vipi, na hakukubali kupunguza hata moja. Mwalimu mstaafu aliweka nane kwenye miaka ya kuishi baadaye, akaweka moja kwa aliyewahi kutoa kiungo chake, kisha akairudisha mkononi na kuitazama. Mzee aliweka tatu kwenye muda wa kusubiri. Nilimkumbusha kwamba kigezo hicho kilikwisha kufutwa, akanijibu, "Najua, nimekusikia, hizo ni zangu," akaziacha hapohapo shimoni, na mpaka tunaitwa kwa sala ya Magharibi hakuna migawanyo miwili iliyofanana juu ya ubao ule.